Kadi ya Herufi Mbili

Kiharusi kilimkuta Wilf Hepple bafuni,
nusu ya ndevu imenyolewa, nusu bado povu.
Mkono wa kulia ulirudi mwezi wa Aprili.
Maneno nayo yalirudi, ila mashina matupu,
kama miti ya Sunderland wakati wa barafu.

"Weld," ananiambia, akijigusa kifua.
"Me. Weld."
Miaka thelathini na moja ukingoni mwa mto Wear,
akichomelea matumbo ya meli
alizoziona zikiondoka, asipande hata moja.
Leo haifikii "er",
kile kisilabi cha mwisho kinachogeuza kazi kuwa mtu.
Sisi mtu tunamshika pande mbili,
m- mbele, -ji nyuma, asituponyoke:
mchomeleaji.
Wao humfunga mkiani tu, kwa uzi mmoja,
na uzi ndio uliokatika.

Mimi hupita na toroli ya chai. Sina cheo hapa.
Ishbel Rennie, tabibu wa usemi, huja Jumanne
na mkasi, na kadi ngumu, na ndui ya wino kidoleni.
Hulikata neno mezani mbele yake:
"un", "help", "ful".
Watatu, anasema, waliokuwa wakiishi kama mmoja.
Katikati mzizi.
Mbele anayekana.
Nyuma anayejaza.

Wilf anazisogeza kwa kidole kinene
chenye kovu la moto wa mwaka wa sabini na tisa.
Viungo anavijua. Chuma na chuma
havishikani mpaka kila kimoja kikubali kuyeyuka kidogo,
na mshono mwema ni ule usioonekana.
"Kindness": pitisha ukucha, hutapata ufa.
Wenyewe wanaoisema kutwa
wamesahau kwamba iliwahi kuwa vipande.

Wiki ya sita aliiokota "un" bila kuambiwa,
akaiweka mbele ya "weld".
Ishbel alifungua mdomo, nadhani amwambie
neno hilo hatulisemi.
Wilf akakigonga kipaji cha uso.
"Unweld."
Akagonga tena, polepole,
kama anayepima bamba lililoliwa na kutu.
Ishbel akafunga mdomo. Akaandika daftarini,
wala hakutia alama ya kosa.

Lililobaki gumu ni Doreen.
Picha: jikoni, aproni ya maua, kikaango mkononi,
anamcheka aliyeshika kamera.
"Doreen cook," anasema Wilf.
Ishbel anasukuma kadi moja mbele: "ed".
Herufi mbili, tena hazitamkwi zote,
ncha ya ulimi tu, t,
tone la bomba lisilofungwa vizuri.
Doreen yuko makaburini mwaka wa sita huu.
"Doreen cook."

Kwa lugha yangu nisingeweza kuisema ilivyo.
Kitenzi chetu hakitoki nje uchi:
alipika, anapika, atapika, hupika,
lazima useme lini kabla hujasema nini.
Yeye amepata mahali pasipo na lini,
na vitunguu havijaungua.

"Jaribu na kadi, Wilf."
Aliitazama. Alielewa, kwa hilo naapa.
Akaichukua,
akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo
kwa mkono wa kulia, ule uliorudi.

Jumanne iliyofuata binti yake, Gillian, aliileta
ndani ya bahasha, imefuliwa, laini kama kitambaa,
"d" imebaki, "e" imeenda na maji.
Akaomba radhi. Ishbel akasema si kitu,
akachukua mkasi, akakata nyingine.

Nilipofika na toroli Wilf aliinua uso.
"Biscuits," akasema,
na ile "s" ilisikika mpaka dirishani.
Wote tukanyamaza.
Nikamwekea mbili.