Ila

Nimelilaza kitandani juu ya shuka jeupe
kama mtu anayemsubiri daktari.
Ni jipya. Linanuka gundi na mbao,
nyuzi zake bado hazijanijua.
Na pale chini ya tundu, upande wa kushoto,
ila:
mkwaruzo ndani ya vanishi, mwembamba,
umepinda kama ukucha uliokatwa.

Dukani sikuuona. Taa za Ruwi usiku
hung'arisha kila kitu, hata madeni.
Niliuona nyumbani, Hail, saa tano asubuhi,
jua lilipoingia bila hodi
likaweka kidole.

Miaka ishirini na miwili nimekaa dirishani benki
nikihesabu pesa za watu.
Jicho langu limefunzwa: noti iliyochanika pembe,
noti yenye wino wa kalamu shavuni,
weka kando.
Siku niliyostaafu walinipa saa ya ukutani
na keki iliyokosewa jina langu.
Niliila.

Kurian wa dukani kanijibu kwa simu:
lirudishe, mama, ndani ya siku saba, na risiti.
Au baki nalo, nikupunguzie riali kumi na tano.
Nikachukua rula ya mjukuu, nikaupima mkwaruzo:
sentimita mbili na nusu.
Riali sita kwa sentimita.
Sijawahi kuona kitu kidogo hivi
kikiwa na bei kubwa hivi.

Zahran, kaka yangu, kaja na tochi ya simu.
"Rudisha. Jipya ni jipya.
Umelipa bei ya kitu kizima."
Huyo viti vya gari lake vimevaa nailoni
tangu mwaka juzi. Ukikaa,
vinapiga kelele kuliko gitaa lolote.

Mama hakutaka tochi.
Macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho.
Alipapasa kwa kidole gumba, akapita
juu ya mkwaruzo, akarudi, akapita tena.
"Wapi?"
Hapo hapo, mama.
"Hapa? Hapa laini tu."
Kisha akaanza, "Kizuri hakikosi..."
nikamkatiza, hiyo naijua,
nimenyweshwa tangu utoto kama dawa ya kikohozi.
Akanyamaza. Akaligonga tumbo gitaa, mara moja,
kama anayechagua tikiti maji sokoni Seeb.
"Thuwaiba," akasema, "unatafuta dosari
au unatafuta mlango wa kutokea?"

Sikumjibu. Nilikwenda kuosha vyombo
vilivyokwisha oshwa.

Usiku nimezima taa, nikalipakata.
Gizani mkwaruzo haupo.
Gizani zipo nyuzi sita na vidole vyangu
visivyojua kitu ila kuhesabu.
Nikabonyeza kama kijana wa kwenye video alivyoonyesha,
ikatoka sauti ya sufuria ikianguka.
Tena. Sufuria.
Mara ya tisa, au ya kumi, sikuhesabu,
kitu kikafunguka mle ndani,
kikatetemeka hadi kwenye mbavu zangu,
kikaisha kabla sijakijua jina.
Ncha za vidole zimewaka moto mpaka alfajiri.

Siku ya sita nikashuka kuifuata risiti.
Ilikuwa garini, juu ya dashibodi, nyuma ya kioo.
Agosti. Nyuzi arobaini na sita, za joto hizi.
Imeungua yote, nyeusi ti,
haina tarehe, haina bei, haina Kurian.
Nikaigeuza. Nikaipuliza, sijui kwa nini.

Mlango wa gari wazi, usukani unachoma,
nimesimama nikikumbuka usiku ule wa kwanza:
gitaa sikuliacha humu hata dakika moja.
Hata usiku gari ni tanuri, nilijiambia,
mbao zitapinda, gundi itaachia.
Nikalibeba ngazi zote mbili,
nimelifunika mtandio wangu,
shingo yake begani kwangu,
nikafungua mlango kwa kiwiko.

Risiti nikaiacha juani.