Pima Maji

Fomu ilikuwa na mstari: *Ujuzi alionao.*
Afisa hakuniuliza. Alinitazama miguuni,
raba mbili zisizofanana, moja ya marehemu,
akaandika: *Hana.*

Sikubisha. Kalamu ilikuwa yake.
Lakini mwanzi upi utajaza mbeta usiku mmoja
na upi utakupandisha mlima bure, mimi ndiye huulizwa.
Sakitu ikitaka kulala kwenye viazi
naisikia puani tangu alasiri.
Nimepokea watoto tisa kwa taa ya koroboi,
kumi, ukimhesabu yule aliyekataa kulia.

*Hana.* Basi nikaenda kufundishwa uashi.

Miezi mitatu, ghala la pareto Bulongwa,
vumbi la maua ya zamani likitupigisha chafya
kila mwalimu alipotamka neno msingi.
Mwakalukwa, katoka Mbeya na koti la mvua,
maneno machache, jino moja la fedha:
"Tofali halidanganywi. Saruji ndoo moja, mchanga sita."
Moja kwa sita, nikapalilia nayo.
Moja kwa sita, nikakoroga uji wa wajukuu,
ukawa mzito, wakanicheka.

Posho ilichelewa. Ilipofika ilikuwa pungufu.
Tulisaini kamili.

Siku ya kufunga, risala ilisoma masanduku kumi na moja ya vifaa.
Garini lilishuka moja.
La bati, jekundu, kufuli lake halina funguo.
Ezakieli Tweve alilivunja kwa jiwe
na hakuna aliyepiga makofi.

Tukagawana kama nyama ya msiba.
Ezakieli akachukua mwiko.
Otiliana kamba na misumari yake.
Yule kijana wa Ukwama, Ambakisye, nyundo,
akaibusu, mjinga yule.
Timazi kwa huyu, kombamwiko la chuma kwa yule
(ndivyo tulivyokiita, jina lake halisi hatukulishika).
Mimi nikabaki na pima maji:
kipande cha mbao, dirisha dogo la kioo,
na ndani yake kiputo kisichotulia.

Nyumbani nikakiweka kila mahali.
Juu ya kitanda: kimeinama upande aliokuwa akilala mume wangu.
Juu ya jiwe la kusagia. Juu ya kaburi.
Juu ya mgongo wa mbuzi, naye akakaa kimya akidhani anatibiwa.
Makete nzima hakuna kitu kilicholala sawa.
Sisi tumezaliwa tumeegemea.

Na mwenye pima maji peke yake hajengi hata banda la kuku.
Mwenye mwiko naye hajengi.
Kwa hiyo kazi ikitokea bonde lolote,
choo cha shule, jiko la mjane, ngazi za zahanati,
mtu hupanda kichuguu na kupiga simu mtandao ukimhurumia:
mlete Ezakieli, mlete Otiliana na kamba,
mwambieni Tulalumba aje na kiputo chake.
Tunatembea saa tatu, saa nne, ukungu magotini.
Malipo tunayakata mafungu kumi na moja,
hata ya Ambakisye, ambaye aliiuza nyundo Njombe
na sasa anabeba maji.

Mwaka umepita, afisa amerudi na fomu mpya.
*Ameajiriwa. Amejiajiri. Hana kazi.*
Visanduku vitatu, weka alama kimoja.
Nikamweleza habari ya mafungu.
Akakuna sikio. Akatafuta kisanduku.

Mwakalukwa alitufundisha: kiputo hakipendi bondeni,
siku zote hukimbilia palipoinuka.
Nikaitoa pima maji kwenye kanga,
nikailaza mezani, kati yangu na fomu yake.
Kiputo kikaenda kwake, mbio, kikagota.

Nikainama, nikachomeka kijiti
chini ya mguu wa meza, upande wangu.
Nikangoja kitulie.

"Haya," nikamwambia. "Andika sasa."