Mgeni wa Jumatatu

Jina lake Mgeni binti Ngwali,
na hakuna mwenyeji wa kumshinda
katika ukumbi huu wa mahakama, Wete.
Anajua dirisha lipi halifungi,
kiti kipi kina mguu mbovu,
na muhuri wangu ukiishiwa wino
yeye hujua kabla yangu.

Huja Jumatatu na bahasha ya kaki,
ndani karatasi za daftari la mjukuu,
maandishi yanapanda kilima:
"Mimi mdai nnaomba..."
Anaomba marejeo ya mapitio.
Anaomba mapitio ya marejeo.
Anaomba hakimu ajitoe;
akija mpya, anaomba yule wa kwanza arudi.
Mikarafuu mitatu, mpakani, Pandani,
kesi iliyokwisha mwaka ambao mimi
nilikuwa bado nakojoa kitandani.

Wakili hana. "Wakili wa nini?
Mdomo nnao. Na mikarafuu niliipanda mimi,
hakuipanda wakili."

Maombi arobaini na moja.
Hamad Mbwana, mdaiwa, alifariki kwenye la ishirini na sita;
tukampelekea wito marehemu,
tarishi akaurudisha, nyuma kaandika:
"Hayupo. Nimeoneshwa kaburi."
Mwanawe sasa huuza mbuzi apate nauli,
hukaa benchi ya pili, hamtazami mtu.
Naye ana haki. Husahauliwa
kwa sababu halii.

Mfunguo Tatu hakimu akachoka, kwa adabu.
Akasoma polepole, kama anayempimia mtu dawa:
kuanzia leo Mgeni binti Ngwali
hatofungua shauri lolote juu ya ardhi hiyo
ila kwanza apate idhini ya Mahakama.
Benchi nzima ikashusha pumzi.
"Mgeni siku mbili," tarishi akaninong'oneza,
"ya tatu mpe jembe."
Jembe analo, nikawaza.
Anacholilia ni pa kulipigia.

Yeye akauliza swali moja tu:
"Hiyo idhini, fomu yake ipi?"

Jioni nikabaki kuyafunga majalada, manne, kwa kamba.
Nikasoma. Sikuwahi kusoma;
kazi yangu kupokea, kugonga, kupanga.
La kwanza hadi la kumi na nane: upepo.
La ishirini kwenda mbele: upepo uleule, na matusi kidogo.
La kumi na tisa
lina ramani ya kalamu ya risasi
na jina la sheha aliyesimama siku ya kuweka mpaka.
Hakuna aliyemwita.
Juu yake: LIMEKATALIWA. HAKUNA JIPYA.
Saini ya hakimu. Chini, ya aliyepokea:
yangu.
Nasikia sheha yu hai, Kangagani, masikio mazito.

Jumatatu amekuja. Bahasha ileile.
Ombi la idhini, namba moja.
Nikauweka muhuri pembeni, nikavuta kile kiti kibovu.
Ukurasa wa kwanza analalamikia feni.
Wa pili, namna nilivyomwamkia wiki iliyopita.
Nikafungua wa tatu.