N ni Ndio

Ofisi yetu i ghorofa ya tatu, Shimanzi,
juu ya duka la vipuri. Feni yazunguka kwa hisani.
Skrini yangu haina picha: kijani juu ya weusi,
barua zashuka mstari kwa mstari
kama orodha ya shehena.

Mwachofi wa mitambo alicheka:
"Dada Mishi, hii programu ni ya enzi za babu."
Nikamwambia, ya enzi za babu
ndiyo isiyoniuliza kama nimefurahia huduma.

Lakini yale iliyouliza, iliuliza kwa Kizungu,
kwa ukavu wa karani wa forodha saa saba mchana.
Usiku mmoja wa mvua ya Mei, barabara imejaa maji,
sina pa kwenda,
nikafungua faili lake la siri, lile lianzalo kwa nukta,
nikaanza kuifunza adabu za kwetu.

Sasa nikifuta: "Watupa? Hutarudi kuitafuta?"
Barua isipokuwa na kichwa: "Huyu hana jina, ni mwana wa nani?"
Nikisahau kuambatisha hati:
"Mkono mtupu haulambwi."
Na nikitaka kutoka: "Waondoka, hujaaga?"

Kisha makro. Kitufe kimoja, nacho chaandika salamu,
nambari ya kontena, ushuru, siku ya mwisho kabla ya faini.
Ya kwanza nilisahau kuifunga mwisho.
Bwana Hatimy wa Marikiti akapata salamu saba kwa dakika moja,
naye, kwa kuwa salamu ni deni,
akazijibu zote saba, moja moja,
ya saba akaongeza: "Binti yangu, kwema huko?"

Lililonikera zaidi ni herufi.
Ndio yaanza na N.
Naam yaanza na N.
Na N ya Kizungu ni kukataa.
Miaka sita nilikubali kwa mdomo
na kidole kikabidi kijifunze lugha nyingine.
Nikaigeuza: N ndio, L la.
Y nikaiacha ishike vumbi.

Juma lililopita Mwachofi alizipandisha daraja mashine zote
usiku, bila hodi. Faili langu likafagiliwa.
Mimi sijui.
Siku hiyo hiyo Bwana Lalji alinikata mshahara wa siku tatu
kwa mzigo ambao si mimi niliyeuchelewesha.
Alisema mbele ya watu. Hata mleta chai alitazama chini.

Nikaandika barua ya kuacha kazi. Mistari minne.
Skrini ikauliza kitu, sikukisoma,
macho yalikuwa na maji.
Nikabonyeza N kwa nguvu, kitufe kikalia.
Nikachukua mkoba, nikashuka,
nikanunua viazi karai, ukwaju mwingi, pilipili nyingi,
nikavila nimesimama kando ya barabara ya malori,
mwanamke asiye na bosi.

Usiku ule nililala kama gunia.

Asubuhi nikaenda kuchukua kikombe changu na miwani.
Bwana Lalji hakuinua kichwa:
"Mishi, hati za Mbaraki ziko wapi?"
Nikamtazama. Akangoja.
Nikaketi, nikafungua mashine.
Barua yangu ilikuwa kwenye rasimu,
imekunja miguu, haijaenda popote.

Nilizipata hati za Mbaraki.
Adhuhuri, wenzangu wakiwa msikitini na wengine kwa mama wa wali,
nikaliandika faili upya, lote, kutoka kichwani,
ila swali la kutuma nikalirefusha:
"Hiyo N yako, ni ya kwenu au ya kwao?"

Siku tatu zangu hazijarudishwa.
Barua sijaifuta, wala sijaituma.
Saa kumi na moja ikigonga nafunga kazi,
na skrini yaniuliza, kijani juu ya weusi,
"Waondoka, hujaaga?"
Nami kidole nakiweka juu ya N,
nakaa kidogo.