Masikio ya Kuazima

Mvumo naujua: ni umeme wa ukutani
unaoguna kama mzee aliyekosa kahawa.
Mkwaruzo naujua, ni vumbi la santuri.
Lakini hii ilikuwa sss, sss tu,
mafuta ya moto yanayosubiri kitumbua
na kitumbua hakiji.

Amplifaya aliniachia Bwana D'Mello wa Upanga
badala ya deni la suti tatu na koti la arusi.
Vali sita, kila moja na kaa lake jekundu tumboni,
transfoma nzito kuliko cherehani yangu.
Spika ya kushoto safi.
Ya kulia ndiyo iliyokuwa ikilia.

Nikamwita Fundi Chaurembo kutoka Kariakoo.
Akaketi, akainamisha kichwa, akasema:
"Mbona kimya?"
Nilidhani ananitania.
Mwasiti, mtoto wa dada yangu, miaka tisa,
akaninong'oneza, "Babu hasikii,"
na hilo nalo hakulisikia.

"Sauti nyembamba ndizo hutangulia kuondoka," alituambia baadaye.
"Walianza ndege. Kisha mbu.
Mbu sikuwalilia.
Sikio la kufa halisikii dawa, ila langu halijafa,
limestaafu. Haya, binti, niazime yako."

Tukachomoa waya wa santuri. "Bado," akasema Mwasiti.
Tukashusha sauti hadi sifuri. "Bado."
Basi mgeni hatoki nje, yumo humu humu,
baada ya kitufe, kabla ya spika.
Tukahamisha vali, za kulia kushoto, za kushoto kulia,
kama nigeuzavyo mikono ya shati kutafuta kosa la mkasi.
"Bado. Kulekule."
Vali hazina hatia,
nami nilishatenga elfu themanini za kununulia nyingine.

Hapo umeme ukakatika.
Makaa sita yakafifia gizani,
na ile sss ikabaki sekunde mbili, tatu,
ikisinyaa, ikila akiba.

Uliporudi ilikaribia saa tatu.
Fundi akaipindua amplifaya, tumbo juu,
mkono mmoja mfukoni, kama alivyofundishwa,
maana volti mia tatu hazipigi hodi mara mbili.
Kwa kijiti kikavu cha mshikaki
akaanza kugusa, kimoja kimoja,
macho yake hayako kwenye waya,
yako usoni mwa Mwasiti.
Hapana. Hapana.
Nje muuza kahawa akapita akigonganisha vikombe,
tukamngoja aishie kona.
Hapana.
Kisha uso wa mtoto ukakunjika kama aliyeuma ndimu.
"Hapo!"

Rezista. Kahawia, nyeusi, njano.
Omu laki moja, ndogo kuliko kifungo cha kanzu.
Imekunywa unyevu wa jiji hili masika arobaini,
na kila umeme upitapo, haiwezi kutunza siri.

Mpya ilikuwa shilingi mia mbili.
Kapasita zikanyonywa umeme uliolala humo,
risasi ikayeyuka,
moshi wake ukanuka karibu na ubani.
Tukawasha. Tukangoja makaa yaive.

Nikasikia saa ya ukutani,
sikujua kwamba ina mlio.
Nikaweka santuri ya dansi, na kabla ya gitaa la kwanza
mtu mmoja studioni, zamani hizo, akavuta kiti.
Miaka yote kiti kile hakijawahi kunifikia.

"Imeisha?" akauliza Fundi.
Kwake hakuna kilichobadilika,
kimya ni kilekile alichokikuta jioni.
Mwasiti akaitikia kwa kichwa, polepole, ili aone.
Akafuta mikono kwa kipande cha kitenge changu,
akapokea mia mbili yake na nauli, zaidi akakataa.
Mlangoni akageuka:

"Na mbu je, wapo?"
"Wapo," Mwasiti akapaza sauti. "Wengi."