Tarehe Mosi Januari 1970

Bwana Muhanna ameleta simu ndani ya mfuko wa halwa.
Kioo kina ufa, betri imevimba kama andazi.
"Ya marehemu dada yangu, Rayya. Mna sauti yake.
Itoeni kabla haijaoza."

Mimi nimezoea karatasi. Karatasi hufa kwa adabu:
hupiga manjano kwanza, na mchwa
huacha unga kama risiti.
Faili halina harufu. Jana limefunguka,
leo halifunguki, basi.

Ghorofa ya pili, Ruwi, kiyoyozi kinakoroma.
Nachomeka waya. Sauti mia nne na kumi na mbili,
na zote, yasema mashine, zimezaliwa pamoja:
tarehe mosi Januari 1970, saa kumi alfajiri.

Kosa hili nalijua. Betri ikifa
saa hurudi kule mashine zilikoanza kuhesabu.
Ila alfajiri ile Rayya alikuwa Wete,
ana miaka tisa, kalala,
na simu ya mtaa mzima ilikuwa posta, ina kufuli.

Nasikiliza.
"Asila, mwanangu, kitunguu usikiunguze."
Anakohoa. Birika linapiga mluzi.
Katikati ya bei ya jodari anavukia Kiarabu,
anarudi Kiswahilini bila kuvua viatu.

Ya thelathini na saba kasahau kuzima:
nyayo, mlango,
mtu anauliza "Nani?"
naye anajibu, "Mimi."

Fomu inauliza: *Asili iko wapi?*
Natafuna kalamu.

Yaqdhan wa mitambo anasema,
"Nifute mluzi? Nirekebishe tarehe?"
Acha. Birika ndilo lililompandisha sauti.
Na tarehe naiacha, pembeni naandika:
*Kifaa kilisema hivi. Kifaa kilikosea.*

Nakala tatu, moja tumeipeleka Nizwa,
kila moja na namba yake ndefu;
chembe ikidondoka, namba itakataa.

Bwana Muhanna bado yuko mlangoni na mfuko mtupu.
"Zimepona?"
Zimenakiliwa, namwambia. Hizi hazitunzwi kwa kuwekwa,
hutunzwa kwa kuhamishwa, chombo hadi chombo,
kila baada ya miaka michache.
Anatikisa kichwa. Kuhama anakujua.

Namvisha visikizio, namchezea ya thelathini na saba.
Anainama. Kimya. Kisha:
"Huyo anayeuliza *nani*,
ni mimi."

Nafungua daftari upya.
Sauti: mbili.