Daftari la Lugano

Huanzia kidole gumba cha mkono niandikao,
ganzi nyembamba, kama ukungu wa Rungwe
unaposhuka migombani bila kubisha hodi.
Kisha mdomo. Kisha neno "mgomba":
nalitazama ubaoni, mwandiko ni wangu,
na silijui.

Chaki inaanguka.
Darasa la tatu wamezoea.
Bupe anafunga mlango, Gwakisa anasogeza kiti,
na Lugano, ambaye kutoa kwa kukopa kumemshinda,
anafungua daftari, anatazama saa ya ukutani.

Dakika sita. Dakika nne.
Siku ile ya mvua ya mawe, kumi na moja.
Halafu narudi. "Tulikuwa wapi?"
"Kwenye wingi, mwalimu."

Mama mkwe anasema ni jicho la mtu.
Mimba zangu mbili zimelala nyuma ya nyumba, chini ya mgomba,
naye anawajua kwa majina wote wanaotuonea kijicho.
Zahanati ya Kiwira walinipa dawa za malaria, mara tatu.
Kila nikifika, mkono umekwisha kurudi kazini:
unasaini, unahesabu nauli,
unanisaliti mbele ya nesi.
"Mbona mzima?"
Mzima, ndiyo. Mwizi gani humsubiri polisi?

Rufaa, Mbeya. Daktari binti mdogo, raba zina tope.
Akaomba kuona mapaja: wavu wa zambarau chini ya ngozi,
nilidhani ni baridi tu ya kwetu.
Akauliza habari za mimba.
Hakuna aliyewahi kuyauliza hayo mawili kwa pumzi moja.
"Na hivi vipindi, vingapi?"
Nikampa daftari.
Vijiti vimefungwa tano tano, dakika pembeni,
ukurasa wa nne kuna kuku.
Alisoma hadi kuku, polepole, kama barua ya kwao.

Ni nadra, alisema. Damu inaganda pasipo jeraha.
Kinga imekosea mlango, inawapiga wenyeji.
Jina lake refu; silitamki vizuri hata siku njema.

Sasa nameza kidonge ambacho ni ndugu ya sumu ya panya.
Majani ya maboga napima kwa kiganja, kile kile kila siku.
Kila mwezi sindano, na basi la saa kumi na moja alfajiri.
Vipindi vimepungua. Havijaisha.

Jana, dakika mbili.
Lugano akachora kijiti, akakunja uso.
"Mwalimu, kumi na moja toa mbili, tisa.
Nimekopa kwenye makumi."

Nikachukua kalamu nyekundu nimwekee vema.
Mkono ukangoja kidogo.